Kosa la Kupunguza Adui

Nchi ninayotaka kuwaeleza habari zake si yenu. Nasema mapema, asije mtu akanivuta pembeni akaniuliza, "Bi mkubwa, hapa ulimkusudia nani?" Sikumkusudia mtu. Nchi yenyewe haina jina, mji wake mkuu hauna jina, na waziri wake akitokea kufanana na waziri unayemjua wewe, basi mlaumu huyo wako. Nani alimwambia afanane?

Katika nchi hiyo kuna bonde, na bondeni kuna kisima kimoja, na kisimani hapo, miaka mingi kabla ya bibi yake bibi yangu, mababu zetu waliliangamiza jeshi la wavamizi. Hilo halina ubishi. Ubishi uko kwenye idadi.

Bibi yangu alinihadithia kwamba wavamizi walikuwa mia tatu, na nusu yao walifuata mbuzi tu. Nilipoanza kazi ya kupika kwenye shughuli za watu, serikali ikatangaza kuwa walikuwa elfu tatu. Akaja Kiongozi wa pili. Haikumpendeza arithi adui mdogo kama wa mwenzake, wakawa elfu thelathini. Wa tatu akasema laki. Huyu wa sasa, Mungu ampe umri ule anaoutaka mwenyewe, hata kiti hakijapata joto alitangaza milioni moja. Tukapiga makofi. Kupiga makofi tunajua, tumefundishwa toka wadogo.

Mtasema, inawahusu nini? Waliokufa wamekufa. Ingekuwa hivyo kama si desturi yetu ya sahani. Kwetu sisi, adui aliyeuawa hulishwa, asije akarudi na njaa. Sahani moja kwa kila kichwa, bondeni, mara moja kwa mwaka. Enzi za bibi ilikuwa kama sikukuu: sahani mia tatu mji mzima, watoto wamekaa pembeni wanasubiri maadui washibe, halafu wanavamia wao. Idadi ilipopanda, sahani zikapanda. Likaundwa Shirika la Kulisha Adui, lenye malori. Kisha Kiongozi wa sasa akasema jeshi la milioni haliwezi kukaa mwaka mzima kwa sahani moja, aibu hiyo, ikawa kila wiki.

Nyumba yangu ilikuwa na mimi, mwanangu Shomari na paka. Tukapangiwa maadui watano. Nadhani na paka alihesabiwa. Chakula kikishapanda lori hakirudi tena. Wale maadui wana hamu ya kula isiyo ya kawaida kwa watu waliokufa zamani hivyo, na sijui kwa nini wanaonenepa ni maofisa wa Shirika.

*

Shomari ndiye mwanangu wa pekee. Alikuwa mwalimu wa hesabu, darasa la saba. Siku iliyofuata siku ya sahani watoto walikuwa wanakuja shuleni hawajala, wanalaza vichwa juu ya madawati kama maboga. Yeye alikuwa anawatazama. Mwanangu ana tabia mbaya ya kutazama.

Jumanne moja akawaandikia swali ubaoni: jeshi la watu milioni moja linapita njia ya bondeni, watu wanne kwa mstari. Kila mstari unachukua mita mbili. Jeshi lina urefu gani?

Watoto wakakokotoa. Kilomita mia tano. Sasa kutoka kizuizi cha mpakani hadi bondeni ni kilomita tisini, na hata babu aliyelewa analijua hilo. Msichana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono.

"Mwalimu, wa kwanza alipokuwa anauawa kisimani, wa mwisho alikuwa wapi?"

"Kwao," Shomari akasema. "Anaagana na mama yake."

Darasa likacheka. Akawapa swali la pili: kisima kinatoa debe moja kwa dakika, na debe moja la maji watu wanne watanywa na kupikia kutwa. Wakakokotoa tena. Hata wachote mchana na usiku bila kusinzia, maji yatawatosha watu elfu tano na mia saba na sitini. Ondoa ya punda wanaobeba unga, wanabaki elfu nne. Huyo wa baada ya hapo kiu itamuua kabla babu yetu hajavaa viatu.

Wakacheka tena, na kicheko cha watoto wenye njaa husikika mbali. Kilisikika mpaka ofisi ya Mkaguzi. Shomari alikamatwa chaki ikiwa mkononi. Chaki ikafungwa kwenye mfuko iwe ushahidi. Ubao nao ukang'olewa ukutani ukapakiwa kwenye gari la polisi, umelazwa taratibu kwenye siti ya nyuma, na mwanangu akakalishwa chini.

*

Shitaka liliitwa kupunguza adui wa taifa. Mwendesha mashtaka alilisoma kwa sauti ya msibani: "Mshtakiwa, kwa kutumia chaki, aliwaondoa katika orodha ya waliouawa maadui laki tisa na elfu tisini na sita. Hata jemadari wao, Waheshimiwa, hakufaulu kuokoa askari wake wengi kiasi hicho!"

Adhabu yake kisheria ni mwaka mmoja jela kwa kila adui elfu moja. Yaani miaka mia tisa tisini na sita. Nikajisemea, akitoka nitakuwa nimezeeka kidogo.

Huo ni mdomo tu. Nilipofika nyumbani nilikaa jikoni, nikashindwa hata kuwasha moto.

Waliniruhusu kumwona mahabusu dakika kumi. Alikuwa amekonda na ana kikohozi kikavu.

"Mama," akaniambia, "wanataka kukuita shahidi. Wanasema wewe umelisha watu wengi kuliko mtu yeyote nchini."

"Waniite. Nitasema."

"Nakuomba kitu kimoja. Usifanye mzaha kule."

"Mzaha? Mimi?"

"Mama. Nakujua."

Nikamwapia. Niliapa kwa jina la baba yake, na baba yake alikuwa mtu mkweli.

*

Kesi haikusikilizwa mahakamani, ilisikilizwa na Tume ya Idadi ya Adui, kwenye ukumbi wenye zulia. Mwenyekiti alikuwa Waziri wa Ushindi wa Kale, Kanali Daktari Lipanda. Kwenye vita vya kweli hakuwahi kufika, lakini kifua chake kilikuwa na nishani kumi na moja za vita vile vya bondeni.

Alianza kwa kututakia asubuhi njema, ikachukua nusu saa. Akasema: "Taifa hupimwa kwa adui zake! Mtu mwenye adui mdogo ni mtu mdogo! Leo anatokea mwalimu, mwalimu wa darasa la saba, si wa chuo kikuu, anatuambia mababu zetu walipigana na watu wa kujaa uwanja wa mpira! Je, huyu anawapenda mababu?"

Ukumbi ukasema, "Hawapendi!"

"Anamtaka nani?"

Hapo ukumbi ukachanganyikiwa, maana jibu halikuwa limegawiwa. Wengine wakasema "Adui," wengine wakasema "Kazi."

Ndipo nikaitwa. Nikakalishwa kiti cha mbele na glasi ya maji. Lengo lao lilikuwa niseme kwamba kulisha milioni kunawezekana, mwanangu afungwe kwa mdomo wa mama yake.

"Mama Shomari," Waziri akaniambia kwa upole wa daktari wa meno, "wewe ni bingwa. Shughuli kubwa kabisa uliyopika ilikuwa ya watu wangapi?"

"Mia nane, Mheshimiwa. Harusi ya binti wa mkuu wa wilaya."

"Na walishiba?"

"Walishiba. Magunia matatu ya mchele, ng'ombe wawili, kuni gari zima, wapishi kumi na wawili. Na baada ya hapo, Mheshimiwa, tulitafuta mahali pa kukanyaga hatukupaona."

"Una maana gani?"

"Choo. Shughulini, Mheshimiwa, kitu cha kwanza kuharibika si wali. Wale walikuwa mia nane tu, siku moja tu, na wamevaa nguo za harusi, wanajizuia. Sasa milioni, wanajeshi, kwenye bonde moja? Mababu zetu wangehitaji mikuki ya nini? Wangekaa upande unakotokea upepo, siku tatu, wakashinda."

Watu wakaanza kuficha nyuso kwenye vitenge. Nilimwona Shomari kizimbani ananikazia macho. Nikajua nimeshaanza, na kuacha nikashindwa.

Waziri akagonga meza. "Jibu swali! Unasema hawakuja milioni?"

Hapo nikaona pamenibana. Nikisema walikuja, nimemkana mwanangu. Nikisema hawakuja, tunaingia wawili, na nani atampelekea uji? Nikatafuta mlango mdogo wa katikati, kama ninavyofanya siku zote, kwa kicheko.

"Mheshimiwa, mimi nani nikatae? Milioni walitoka kwao. Mwanangu anasema waliofika ni elfu nne, basi. Hao wengine kwenye shughuli tunawaita wachelewaji, hawakosekani. Si ajabu mpaka leo bado wako njiani."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hata askari wa mlangoni alicheka. Nami nikacheka, nikamgeukia mwanangu aone jinsi mama yake alivyochomoka.

Shomari hakucheka. Na Waziri hakucheka. Alikuwa ananitazama kama mtu aliyeokota kitu barabarani, anaangalia kushoto na kulia kama mwenyewe yupo. Akavuta karatasi.

"Njiani wapi?" akaniuliza.

*

Uamuzi ulisomwa wiki iliyofuata, redioni na uwanjani, tumesimama juani.

"Kwa hesabu ya mshtakiwa mwenyewe," Waziri akanguruma, "hesabu ambayo Tume imeikagua na kuiona haina dosari, jeshi la adui lilikuwa na urefu wa kilomita mia tano, na waliofika bondeni ni elfu nne. Milioni walitoka kwao. Elfu nne waliuawa. Wananchi, nawauliza: laki tisa na elfu tisini na sita wako wapi?"

Hakungoja jibu.

"Wako njiani! Wanakuja! Uvamizi haujaisha!"

Basi yakatangazwa mambo, moja juu ya jingine. Nchi iko vitani. Uchaguzi umeahirishwa mpaka adui wa mwisho afike. Sahani haziwezi kupunguzwa, maana adui wa zamani alikula mara moja kwa wiki kwa sababu amekufa, huyu wa njiani yu hai na atafika ana njaa ya safari, kwa hiyo ghala lijazwe kila siku. Kilomita tisini zote za barabara ziwekwe bendera.

"Na mshtakiwa," akamalizia, "hana hatia."

Nikapiga kigelegele. Bi Zamda, mpishi mwenzangu wa miaka thelathini, akanidakia, wanawake wote wa shughuli wakajibu. Waziri akanyanyua mkono tunyamaze.

"Tena, kwa utaalamu wake wa pekee, anateuliwa kuwa Mhesabu Mkuu wa Adui, kwenye kizuizi cha mpakani. Atawaandika wanapoingia, mmoja mmoja. Ataruhusiwa kurudi nyumbani atakapokuwa ameandika wa mwisho."

Kigelegele kilikuwa bado kiko nusu. Sikukimeza na sikukitoa. Bi Zamda alinishika kiuno, akaanza kunitoa uwanjani.

*

Kizuizi cha mpakani ni gogo moja limelazwa juu ya nguzo mbili, meza, kiti na kibanda cha bati. Mlinzi ni Koplo Ndalu, mtu mzima, miguu imevimba, amepewa bunduki na amri moja: Mhesabu asiondoke.

Utaratibu ulikuwa huu. Mtu yeyote anayeingia kutoka ng'ambo ni adui aliyechelewa. Anaandikwa jina, analala chini, Koplo anasoma maneno ya ushindi, adui amekufa. Baada ya hapo anainuka anaenda zake. Hapo hapana maumivu. Maumivu yanakuja baadaye. Aliyeandikwa amekufa vita vya kale, kwa hiyo hospitali haimpokei, mahakama haimsikii, haoi wala haolewi, na siku akifa kweli hazikwi makaburini, maana kitabu kinasema alishazikwa bondeni.

Kwa hiyo Shomari hakumwandika mtu.

Nilikuwa nampelekea chakula kila mwisho wa mwezi, siku mbili za kupanda malori ya mkaa. Kila nikifika namkuta amekaa kwenye kile kiti, daftari liko wazi, ukurasa mweupe. Mwaka mzima na miezi miwili. Kikohozi kilikuwa kimeshuka kifuani, sasa kinatoka na damu, na dawa alikuwa anatumiwa na Shirika la Kulisha Adui, yaani hatumiwi.

"Mwalimu," Koplo alikuwa anamwambia, nimesikia kwa masikio yangu, "wewe andika tu. Jana amepita muuza mbuzi, ungemwandika. Mmoja ni mmoja."

"Mke wake ana mimba, Koplo. Nikimwandika, mtoto atazaliwa na baba aliyekufa kabla barabara hazijachimbwa."

"Utafia hapa."

"Najua."

Aliongea hivyo, mimi nimesimama na bakuli mkononi. Najua mama zenu nao wamewahi kusimama hivyo, sina haja ya kueleza.

Mwezi uliofuata sikwenda peke yangu. Niliwaita wanawake wangu wa shughuli, Bi Zamda na wengine arobaini na mmoja, nikawaambia ninachotaka. Hakuna aliyeuliza mara mbili. Tulifika mpakani saa nne asubuhi. Nikamwachia Bi Zamda chakula, nikainama, nikapita chini ya gogo, nikaenda ng'ambo hatua arobaini. Nikageuka, nikarudi, nikasimama mbele ya meza.

"Niandike," nikasema.

Shomari akaniangalia. "Mama, acha mzaha."

"Leo sina mzaha. Nimetoka ng'ambo, Koplo ameniona. Niandike."

"Nikikuandika, siku ukifa hawataniruhusu kukuzika."

"Na nikifa wewe umekaa hapa, nani atanizika?"

Akakohoa muda mrefu. Mimi sikumgusa, nilijua nikimgusa tutashindwa wote wawili. Kisha akaniandika. Jina langu likakaa kwenye mstari kama limelewa. Nikalala chini kwenye vumbi. Koplo Ndalu akavua kofia, akasoma: "Umekuja kwa jeuri, umeondoka kwa aibu, utukufu kwa mababu," halafu akaongeza, hilo halimo kwenye karatasi, "samahani, mama."

Akafuata Bi Zamda. Alipolala pembeni yangu alisema, "Kwenye vita vile hapakuwa na mkeka?" Wakafuata wengine. Mpaka adhuhuri tulikuwa wanawake arobaini na watatu tumekufa, tumejipanga, jua linatuchoma.

Shomari akaacha kalamu. Alikuwa anahesabu midomo ikimcheza.

"Haitoshi, Mama. Nchi nzima tuko laki sita. Hata wakija wote, wazee, watoto wachanga, Kiongozi mwenyewe, wote waandikwe, bado wanabaki karibu laki nne. Hawaishi hawa."

Ulisikika mguu wa Koplo tu, anahamisha uzito kutoka ule uliovimba kwenda ule uliovimba zaidi.

"Wote ukiwaandika," Koplo akauliza polepole, "na mimi nimo?"

"Na wewe umo."

"Nikishaandikwa, mimi ni maiti ya zamani."

"Ya zamani sana."

"Na maiti haina amri ya kulinda mtu."

Akawaza. Sijawahi kuona mtu akiwaza kwa shida vile, mpaka masikio yalimsogea. Kisha akaegemeza bunduki kwenye kibanda, akainama kwa kuugulia chini ya gogo, akaenda ng'ambo akihesabu hatua kwa sauti. Akarudi. Akasimama mbele ya meza, amekakamaa kama yuko gwaride.

"Niandike taratibu, Mwalimu. Jina langu kila karani hulikosea."

Shomari akamwandika. Koplo akalala chini, akajisomea mwenyewe maneno ya ushindi.

Basi pale mpakani wote tukawa wafu isipokuwa mwanangu. Nikainuka nikajikung'uta. Nikamwambia apite chini ya gogo, hatua arobaini, arudi. Alinielewa, maana alibaki ameshika ukingo wa meza.

"Kitabu kina Mhesabu mmoja tu, Mama. Mimi nani ataniandika?"

Nilisoma mpaka darasa la nne, na mwandiko wangu ulikuwa unasifiwa. Nikakaa kwenye kiti chake. Kilikuwa bado kina joto. Alipokuwa anarudi, anakuja upande wangu kwenye vumbi la ng'ambo, mwembamba, kiganja kimefunika mdomo, nilichovya kalamu nikaanza kuandika jina la mwanangu kwenye kitabu cha maadui waliokufa, herufi moja baada ya nyingine, nikiubana mkono usiteleze, asije mtu wa serikali akasema halisomeki akamrudisha.